Matundu ya Chini ya Ukuta

Mau Narok
12 Mei 2024

Shemeji Thuo,

Salamu kutoka huku ambako hata salamu zenyewe hutoka mdomoni na mvuke.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mbili. Network yetu iko juu ya kile kilima cha ghala la viazi, na magoti yangu hayafiki huko tena. Ya pili ni kwamba kwa simu wewe huongea dakika kumi na husemi kitu. Kwa karatasi utalazimika kumaliza sentensi. Obura wa lori la maziwa amekubali kuwa posta. Atakuachia hii pale kituo cha mafuta, Free Area, na atabeba jibu.

Ni ule ukuta wako. Chumba changu cha kulala, upande unaopigwa na mvua, mbao zimekuwa nyeusi mpaka kimo cha goti. Harufu ni ya blanketi lililoanikwa likasahauliwa. Juzi nilivuta sanduku la nguo za Kigen nikakuta koti lake limeota ndevu.

Kigen alipigilia nyumba hii kwa mbao za mtarakwa mwaka wa 1989, na kwa miaka thelathini na moja haikunywa tone. Kisha Desemba 2020 ukatubandikia mawe nje, ili wakwe wa Jepkemei wakija kwa koito waikute nyumba ya mawe na si ya mbao. Silaumu. Mimi ndiye niliyetaka mawe kuliko wote. Sikutaka mahari ya binti yangu ijadiliwe ndani ya kitu kinachofanana na stoo.

Wakati wa Pasaka Jepkemei alidunga boriti ya chini kwa kisu cha jikoni. Kisu kikaingia kama kwa keki. Akaniambia, "Mum, mwisho wa mwezi wa sita hii kitu ikiwa haijakauka, unakuja kuishi na sisi Nakuru, na nyumba tunafunga." Anaishi Section 58, mahali pazuri sana pa kusikiliza televisheni za majirani.

Thuo, ni miezi ishirini tangu nimtoe mume wangu kwa mlango huu akiwa ndani ya sanduku. Sitaki kutoka mimi. Niambie la kufanya kabla baridi ya Juni haijafika.

Ni mimi,
Mwalimu Chelangat


Free Area, Nakuru
16 Mei 2024

Mwalimu,

Barua nimeipata, ikiwa na harufu kidogo ya maziwa lala. Pole kwa koti la rafiki yangu.

Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu jiwe. Watu huona jiwe ukutani wakadhani mvua imekutana na askari. Jiwe hunywa maji kama mandazi yanavyokunywa chai. Hili sikufundishwa na mtu. Nililijua kwa kusimama mbele ya kuta za watu wakati wa mvua mpaka wenye nyumba wakaanza kunishuku. Maji yataingia nyuma ya mawe, upende usipende. Kwa hiyo kazi ya fundi ni kuyaonyesha njia ya kutoka. Nyuma ya mawe yako kuna karatasi ya lami mara mbili, ya juu imeilalia ya chini kama mabati yanavyolaliana, ndipo wavu wa waya, ndipo plasta. Hapo nilifanya sawa.

Halafu nyinyi watu wa baridi mna shida ambayo mtu wa Nakuru hana, nayo ni chai. Ukichemsha sufuria ndani, mvuke hutafuta nje. Unapenya mbao, unafika nyuma ya jiwe lililolala kwa baridi, unageuka maji. Ni kama chupa ya soda ikitoka kwa friji. Jiwe linatoka jasho upande usiouona.

Sasa kosa liko wapi. Nilipokuja kwa mazishi niliona yale maua ya dalia ya marehemu yamepanda mpaka ukutani. Alimwaga udongo wa zizi hapo, wilbaro kwa wilbaro, mpaka ukafunika mawe ya chini shibiri nzima. Mawe hayatakiwi kugusa udongo. Yanatakiwa yaishie juu yake, upana wa kiganja. Udongo ule unaunywesha ukuta wako kama ndama.

Utoe wote, Mwalimu. Na dalia, pole, lazima zitoke. Kigen alikuwa rafiki yangu wa kweli, lakini kwa mambo ya maji alikuwa mkulima tu.

Wako,
Thuo


Mau Narok
27 Mei 2024

Shemeji,

Tumechimba. Siku tatu, mimi na jirani yangu Cheruto, yeye kwa jembe na mimi kwa mdomo. Kila nikiingilia kati ananifukuza: "Mwalimu, wewe kaa hapo usahihishe."

Dalia zilikuwa na machipukizi. Kigen alizipanda mwaka uliofuata koito, siku moja baada ya daktari kumwambia asiinue kitu kizito. Aliinua. Nilimfokea kutoka dirishani na akajifanya hasikii, jinsi alivyojifanya kwa miaka arobaini. Cheruto alipong'oa shina la kwanza aliniangalia, nikamwambia endelea. Mizizi nimeiweka kwa gunia kibarazani, ila mvua imeifikia na sidhani itapona.

Udongo umetoka wote na mawe ya chini yanaonekana mpaka mwisho. Nimeuona ukuta ulivyo.

Sasa nakuuliza polepole, kama nilivyowauliza watoto wa darasa la tatu: kuna jambo lingine ungependa kuniambia kuhusu ukuta huu?

Chelangat


Free Area
30 Mei 2024
(hii sikumpa Obura)

Mwalimu,

Ndiyo. Kuna jambo.

Chini kabisa ya ukuta niliacha matundu kumi na manne, moja kila hatua, ya kutokea maji. Kigen aliniuliza, "Hizi nyumba za panya umewajengea wa kwako ama wa kwangu?" Nikamweleza. Alipoelewa alifurahi kama mtoto. Akamwaga kikombe cha maji juu, kabla sijafunga mawe ya mwisho, akapiga magoti kungoja yatokee. Yalitokea. Akaniambia, "Thuo, wewe shule ilikukosa."

Siku moja kabla ya koito nikasikia mjomba wa bwana harusi ni mjenzi wa maghorofa, anatoka Eldoret. Nikauangalia ukuta wangu kwa macho ya huyo mtu. Nikaona mdomo wenye mapengo kumi na manne. Plasta ilikuwa imebaki kwa karai. Nikaziba yote.

Kigen akasema, "Mbona sasa?" Nikamwambia, "Wageni wakienda nitazibua." Wageni walienda saa kumi na moja jioni na mimi nilienda nao, ndani ya gari lao, kwa sababu yule mjenzi alikuwa ameusifu ukuta na kuchukua namba yangu. Mpaka leo hajaipiga.

Kigen alinikumbusha mara mbili. Mara ya kwanza nilisema wiki ijayo. Mara ya pili nilimwambia mwenyewe azibue kwa msumari, naye wakati huo hata kamba za viatu alikuwa anafungiwa na wewe.

Udongo ulikuwa na makosa yake, lakini ungesogezwa tu nyuma kidogo na dalia zikabaki. Nilikwambia uzing'oe kwa sababu nilihitaji mkosaji, na marehemu hawezi kujibu


Free Area
31 Mei 2024

Mwalimu,

Kazi nzuri. Mwambie Cheruto akichoka kulima namwandika kazi.

Umeniuliza kama kuna lingine. Yako machache. Angalia mfereji wa paa pale unapokutana na ukuta; ukijaa majani, maji ya paa lote yanaingia nyuma ya mawe kwa mlango wa mbele. Halafu ile nailoni ambayo Jepkemei alipigilia ndani ya chumba kuzuia baridi, itoe. Ukuta umevalishwa koti la mvua ndani na koti la mawe nje, utapumua saa ngapi? Dirisha lifungue mchana, hata kama ni baridi. Sufuria zifunike.

Zaidi ya hapo ni subira. Ukuta haukauki kwa siku moja.

Thuo


Mau Narok
21 Juni 2024

Thuo,

Mfereji nimesafishiwa. Nailoni imetoka, na joto kidogo lililokuwepo limetoka nayo. Dirisha nafungua. Sufuria nafunika. Asubuhi nyasi ni nyeupe kama zimemwagiwa unga, na weusi wa ukutani umepita goti, unakuja kiunoni.

Nakohoa kidogo. Cheruto anasema nihamie sebuleni. Nimekataa.

Jepkemei anakuja tarehe 29. Njoo kabla yake, uone mwenyewe. Usilete vifaa ukitaka. Lete macho tu, usimame mbele ya ukuta pamoja nami.

Chelangat


Kikopey
24 Juni 2024

Mwalimu,

Obura amenifuatia mpaka huku na barua yako, sasa hasira zake ni juu yako. Nimebanwa. Kuna mwenye bucha hapa anataka mawe mbele ya duka lote kabla ya wikendi, na moshi wa nyama umenikausha mimi kuliko ukuta wako. Nitakuja tarehe sita Julai bila kukosa. Mwambie Jepkemei mzee Thuo ameomba wiki moja.

Hicho kikohozi kinywee tangawizi.

Thuo


Section 58, Nakuru
1 Julai 2024

Uncle Thuo,

Mum yuko admitted tangu Jumamosi. Pneumonia, mapafu yote mawili. Nilimpata kwa hicho chumba amevaa makoti mawili, moja la Dad, na bado anatetemeka. Daktari anasema hatua imepigwa lakini kwa umri wake hatuwezi kusherehekea bado.

Cheruto aliniambia amekuwa akimwomba ahame hapo tangu mwezi wa tano. Mum alikuwa anamjibu ati anangoja barua. Barua gani, Uncle? Si mmekuwa mkiandikiana kila wakati?

Ameniambia nikwambie funguo ziko kwa Cheruto, uende ufanye kazi yako. Hiyo ndiyo message yake. Mimi yangu nimeimeza kwa sababu nililelewa vizuri.

Jepkemei


Mau Narok, nyumbani kwako
7 Julai 2024

Mwalimu,

Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo, chumbani kwako. Cheruto amenipa funguo bila kunisalimia.

Matundu niliyaziba mimi. Kumi na manne, siku moja kabla ya koito, kwa sababu ya mtu wa maghorofa ambaye nilitaka aone ukuta laini. Kigen aliniuliza, nikamwahidi, sikurudi. Ulipoandika mwezi wa tano nililijua jibu kabla sijamaliza kusoma ukurasa wa kwanza. Nikakutuma kwa dalia. Kisha kwa mfereji, kwa nailoni, kwa sufuria. Kila nilichokwambia kilikuwa kweli, na hicho ndicho kilichonisaidia kukudanganya. Fundi asiyejua kitu hawezi kudanganya hivyo. Inataka mtu aliyejifunza.

Nilikuandikia haya yote tarehe 30 Mei. Barua ililala kwa mfuko wa suruali ya kazi mpaka ikafuliwa.

Leo asubuhi nilipiga patasi kwa tundu la kwanza. Maji hayakuruka, usidhani. Yalianza kutiririka taratibu, meusi kama chai iliyochemshwa mara tatu, na yalikuwa bado yanatiririka nilipofungua la saba. Cheruto alikuwa amesimama nyuma yangu na mikono kiunoni. Akasema, "Kumbe ni hiyo tu?" Nikasema ndiyo, ni hiyo tu. Akasema, "Saa moja?" Nikahamia tundu la nane.

Mawe ya upande huo nimeyabandua yote. Boriti ya chini imeoza, naikata naweka nyingine. Lakini mbao za mtarakwa ni nzima, Mwalimu. Nimezikwangua, weusi ni wa juu juu, ndani ni nyekundu na bado zinanukia. Kigen alichagua vizuri. Kama ningeziacha kama alivyoziacha, zingetuzika sisi wote.

Upande huu sitabandika kitu tena. Mwezi wa tisa utakuwa mkavu kabisa na unaweza kurudi.

Sikuombi kitu.

Thuo


Section 58, Nakuru
20 Julai 2024

Thuo,

Nimetoka hospitali. Kutoka hapa mpaka kwako ni mwendo mfupi tu wa miguu, lakini Obura bado ndiye posta wetu. Amesema watu wawili wanaoishi karibu hivi na wanaandikiana barua ni ama wapenzi ama wana kesi. Nimemwambia wapenzi, ili asiulize mengi.

Barua yako ya tarehe saba nimeisoma. Sasa na wewe usome hii ukiwa umekaa.

Nilijua. Tangu tarehe 27 Mei nilijua. Udongo ulipotoka tuliyaona matundu, yote kumi na manne, na kila moja limepakwa plasta kwa vidole vitatu. Fundi ambaye mkono wake wa kulia una vidole vitatu namjua mmoja. Cheruto alikuwa ameshashika msumari. Akasema, "Mwalimu, tuzibue, ni kazi ya saa moja." Nikamwambia, "Wacha. Mwenyewe atasema."

Ndiyo maana nilikuuliza. Na uliponijibu na mambo ya sufuria, nikakuuliza tena, nikakwambia njoo usimame mbele ya ukuta. Miaka thelathini na minne nilifundisha hivyo. Unaona daftari limechanwa, unajua ni nani, lakini husemi. Unasimama mbele ya darasa na kungoja mkono uinuke. Karibu kila mara unainuka. Nilikuwa najivunia sana hilo.

Kwa hiyo nililala wiki tano kando ya ukuta wenye maji, na msumari uko dirishani, nikingoja mkono wa mtu wa miaka sitini uinuke. Ulificha kosa la saa moja. Mimi nililitunza. Jepkemei anakulaumu wewe peke yako na sijamrekebisha, kwa sababu kumrekebisha ni kumwambia mama yake ana akili za namna gani.

Sasa la nyumba. Daktari amesema mapafu haya hayarudi Mau Narok, si Septemba, si mwaka ujao. Nilimuuliza mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya ualimu. Hakubadilika. Cheruto atahamia huko na watoto wake, kwake panavuja. Nimemwambia chumba kile alale yeye mwenyewe, kwa kuwa sasa ndicho kikavu kuliko vyote. Koti la Kigen ameliosha akalianika siku nne. Analivaa kwenda kukamua, nimempa ruhusa. Unaona, kila kitu kimepona isipokuwa kwamba mimi niko hapa, ghorofa ya pili, nasikiliza taarifa ya habari ya jirani.

Sijakusamehe. Nadhani nitakusamehe, lakini kwanza lazima nimalizane na yule mwanamke mwingine, wa msumari dirishani.

Jambo moja. Mwaka ule baada ya koito, wewe ulikuwa fundi wa mawe wa kila mtu huku juu. Elburgon, Turi, Molo. Watu walikuwa wanakuja kuuangalia ukuta wetu laini na kusema tunataka kama huu. Ulijenga ngapi kama huu, Thuo? Usinijibu mimi. Na usiniandikie tena mpaka umewaandikia wao.

Chelangat


Free Area, Nakuru
22 Julai 2024

Kwa Mama Cheptoo,
Elburgon

Mama, huenda umenisahau. Mimi ni Thuo, fundi wa vidole vitatu, niliyekubandikia mawe nyumba yako ya mbao mwaka wa 2021, ile iliyo juu ya kiwanda cha kupasua mbao. Ulinipikia viazi vya njegere siku zote tisa.

Kosa ni langu. Naliandika hapa juu ili usilitafute huko chini.

Nyuma ya mawe yako maji yanaingia kila mvua, na nilipaswa kuyaachia matundu ya kutokea chini ya ukuta. Sikuacha, kwa sababu ulitaka ukuta usiwe na mapengo, na mimi nilijua madhara yake na nikakubali bila kukwambia. Ukiona weusi ndani karibu na sakafu, au nguo zinashika ukungu, si kwamba nyumba yako ni chafu na si kwamba unachemsha chai nyingi. Ni mimi.

Chukua msumari wa inchi nne na nyundo. Nenda nje, chini kabisa pale mawe yanapoishia. Kwenye plasta kati ya jiwe na jiwe, toboa polepole, ukielekeza msumari juu kidogo, uingie kina cha kidole chako kisha ukome, usije ukachana karatasi iliyo nyuma. Toboa moja kila hatua. Yakitoka maji meusi usiogope, yaache yatoke yenyewe. Mtu yeyote anayelala chumba kinachogusa ukuta huo, mhamishe leo.

Mimi nitakuja Alhamisi kufanya kazi yote vizuri, na baada yako kuna watu wengine kumi. Lakini mara nyingi nimesema nitakuja. Kwa hiyo ukimaliza kusoma hii, toka nje uanze. Usinisubiri.

Thuo